Wakati Kabla ya Mahali: Polima Zinazoyeyuka Majini na Safari ya Dawa Mwilini

Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wa dawa wamekuwa na ndoto moja: dawa iingie mwilini, izunguke na damu bila kumdhuru mtu, ikafike penye ugonjwa na kupiga hapo tu. Mjerumani Paul Ehrlich aliiita dawa ya namna hiyo risasi ya kimiujiza, na jina hilo halijachuja mpaka leo. Tangu miaka ya 1970, polima zinazoyeyuka katika maji zimetajwa mara kwa mara kuwa ndizo zitakazoibeba risasi hiyo. Hoja nitakayoitetea ni kwamba tumezisifu polima hizi kwa kazi zisiyoimudu, tukazisahau kwa kazi wanayoifaidi wagonjwa kila siku. Njia ya kwenda kwenye uvimbe hazijui. Zinachokijua ni saa: dawa ianze kutoka lini, ikae kwa muda gani, iishe kwa kasi ipi. Na hata pale zinapoonekana kuifikisha dawa mahali fulani, ukichunguza utakuta ni muda uliofanya kazi hiyo. Mtu akilikubali hilo, atabadili maoni yake kuhusu utafiti upi ugharamiwe, kidonge kipi kisajiliwe, na mgonjwa aelezwe nini dirishani anapochukua dawa.

Polima ni molekuli ndefu iliyoungwa kwa kipande kidogo kinachojirudia mara mamia au maelfu. Wanga ni polima. Ute wa bamia na mlenda ni polima, na vivyo hivyo gundi ya migunga inayokusanywa Sudan na Turkana, ambayo wafamasia wameitumia tangu zamani kuzuia mafuta na maji ya dawa yasitengane. Gelatini ya kapsuli ni polima pia, na kwa kuwa hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, Waislamu wengi huuliza ni mnyama gani. Siku hizi zipo kapsuli za HPMC, polima inayotengenezwa kwa selulosi ya mimea, na swali hilo halina nafasi kwazo. Hata ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, povidoni ayodini, ni mfano wa polima ikiwa kazini. Ayodini peke yake huunguza ngozi na haikubali kuyeyuka vizuri katika maji. Ikishikwa na polima iitwayo PVP huachiliwa kidogo kidogo, ikaua vijidudu kwa muda mrefu bila kuunguza. Hapo polima haikuipeleka ayodini kokote, maana kidonda kilipakwa kwa mkono. Ilichofanya ni kuipangia mwendo.

PVP hiyohiyo ina historia nyingine isiyopendeza sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani waliwatia majeruhi myeyuko wake mishipani badala ya plazma ya damu. Iliokoa maisha, lakini baadaye ikaonekana kuwa minyororo mirefu ya polima hiyo ilibaki katika ini, wengu na ngozi kwa miaka mingi. Figo huchuja minyororo laini ya polima yenye uzito wa molekuli usiozidi takriban elfu 40 hadi 50; iliyo mikubwa zaidi, kama mwili hauna kimeng'enya cha kuikata, haina pa kutokea. Kuyeyuka katika maji ni jambo moja, na kutoka mwilini ni jambo jingine kabisa. Kila mpango wa kutumia polima tangu hapo umelazimika kulijibu swali la kutoka, na mipango mingi iliyovuma ilikuja kukwama papo hapo.

Twende sasa kwenye ndoto yenyewe ya kulenga. Mwaka 1975 Helmut Ringsdorf, mkemia wa Chuo Kikuu cha Mainz, alitoa kielelezo ambacho bado kinafundishwa. Mnyororo mmoja wa polima unabeba vipande vya kuufanya uyeyuke, molekuli za dawa zilizofungwa kwa kiungo kinachoweza kukatwa, na alama ya kuuelekeza kwenye seli inayotafutwa. Huko Prague, Jindřich Kopeček na wenzake walikuwa na polima inayoitwa kwa kifupi HPMA, ambayo mwanzoni ilifikiriwa kuwa mbadala wa plazma. Wakishirikiana na Ruth Duncan wa Uingereza, waliifunga kwenye mnyororo huo doksorubisini, ile dawa nyekundu ya saratani inayoogopwa kwa kuharibu moyo. Kiungo walichokitumia, cha asidi amino nne, hakikatiki katika damu. Hukatwa na kimeng'enya kilicho ndani ya lisosomu, vile vifuko vya seli vyenye asidi ambavyo Christian de Duve alivipa jina mwaka 1955. Ni ufundi wa kupendeza, na mtu anayeusoma kwa mara ya kwanza haoni kwa nini usifaulu.

Dawa hiyo, PK1, ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1994, na matokeo ya wagonjwa 36 yakachapishwa mwaka 1999. Doksorubisini ya kawaida hutolewa miligramu 60 hadi 75 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Ikiwa imefungwa kwenye PK1 iliwezekana kutoa 320. Kwa dawa ya kawaida, jumla ya dozi zote ikifika 450 hadi 550 daktari huanza kuuhofia moyo wa mgonjwa. Kwa PK1 jumla ilifika 1,680 bila madhara ya moyo kuonekana. Lakini uvimbe ulipungua kwa kiwango cha kuhesabika kwa wagonjwa wawili, na kidogo kwa wengine wawili. Haki isemwe: majaribio ya awamu ya kwanza huwachukua watu ambao dawa nyingine zimeshashindwa kuwasaidia, kwa hiyo wanne kati ya 36 si aibu. Hata hivyo miaka imepita, na hakuna dawa ya saratani ya ukoo wa HPMA iliyopata kibali cha kuuzwa.

Tegemeo kubwa la wapenzi wa kulenga lilitoka Japani. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Kumamoto walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, na kwamba mifereji ya limfu ndani yake ni dhaifu. Molekuli kubwa ikizunguka katika damu itapenya kwenye uvimbe na kunasa humo, wakati katika nyama nzima haipenyi. Maeda alikuwa na dawa yake, SMANCS, protini ya kuua saratani iliyounganishwa na polima, iliyokubaliwa Japani mwaka 1993 kwa saratani ya ini. Inatajwa daima kama ushahidi kwamba polima hulenga. Tuangalie ilivyotolewa: ilichanganywa na mafuta maalumu, kisha ikapitishwa kwa mrija moja kwa moja hadi kwenye mshipa wa ateri unaolisha ini. Aliyelenga hapo ni daktari mwenye mrija.

Na kwa binadamu uvujaji huo hauaminiki kama kwa panya. Uvimbe wa panya wa maabara hukua kwa siku chache na unaweza kuwa sehemu kubwa ya uzito wa mnyama mzima. Wa binadamu huchukua miaka, una sehemu zisizofikiwa na damu, na mgandamizo wa ndani yake husukuma maji nje. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi kuhusu chembe ndogo za kubebea dawa, nyingi zikiwa za wanyama, na kukuta kuwa kiwango cha kati kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7 ya dozi. Chembe si sawa kabisa na mnyororo wa polima, lakini zote hutegemea mlango uleule. Majaribio makubwa ya binadamu yanasimulia habari hiyohiyo. Paklitakseli iliyofungwa kwenye asidi ya poliglutamiki ilishindwa mwaka 2005 kuonyesha kwamba inarefusha maisha ya wagonjwa wa saratani ya mapafu kuliko tiba ya kawaida. Dawa ya irinotekani iliyofungwa kwenye polima ya PEG ilijaribiwa kwa wanawake 852 wenye saratani ya matiti, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba tofauti ya kuishi haikutosha kuondoa shaka ya bahati.

Tugeukie upande ambao hakuna aliyetaka kulenga chochote. Mwaka 1977 Frank Davis na Abraham Abuchowski wa Rutgers, Marekani, walichapisha kazi ya kuunganisha PEG, yaani polietilini glikoli, na protini. PEG hushika maji mengi, ikajitandaza na kuifanya protini iwe kubwa mno kupita kwenye chujio la figo, huku ikiificha kwa kiasi kutoka kwa vimeng'enya na kinga ya mwili. Mwaka 1990 ikakubaliwa dawa ya kwanza ya namna hiyo, kimeng'enya cha ng'ombe kilichofungwa kwenye PEG kwa watoto waliozaliwa bila kinga kwa sababu kimeng'enya chao wenyewe kina kasoro. Kikiwa peke yake kimeng'enya hicho huondoka katika damu kwa dakika. Kikiwa na PEG kilitosha kudungwa mara moja au mbili kwa wiki. Miaka minne baadaye ikaja asparaginesi yenye PEG kwa saratani ya damu ya watoto. Interferoni ya homa ya ini, iliyokuwa sindano tatu kwa wiki, ikawa moja. Dawa ya kupandisha chembe nyeupe za damu baada ya tiba ya saratani, iliyokuwa sindano ya kila siku, ikawa moja kwa kila mzunguko wa tiba. Kazi ya protini ilibaki ileile, na hakuna iliyoelekezwa popote. Ziliongezewa muda, basi.

Lakini mfano ninaouona mzito kuliko yote, hasa kwa sisi wa Afrika Mashariki, hauna sindano. Dawa ya VVU iitwayo ritonaviri iliingia sokoni mwaka 1996 kwa jina la Norvir. Mwaka 1998 kiwanda kikagundua kwamba dawa ndani ya kapsuli ilikuwa imeanza kujipanga kwa umbo jipya la fuwele ambalo halijawahi kuonekana, linaloyeyuka kwa shida kuliko la awali. Molekuli ni ileile na miligramu ni zilezile, ila haikuingia mwilini inavyotakiwa. Kapsuli ziliondolewa sokoni, na zilizorudi baadaye zilihitaji jokofu. Kaletra, iliyounganisha ritonaviri na lopinaviri, nayo ilikuja kama kapsuli laini za kuhifadhiwa kwenye baridi. Fikiria dawa ya jokofu katika zahanati isiyo na umeme, au kwa mgonjwa ambaye hata nyumbani kwake hataki watu waione.

Suluhisho lililokubaliwa Marekani mwaka 2005 lilikuwa polima ya ukoo wa PVP, ileile ya vidonda. Dawa na polima huyeyushwa pamoja kwa joto, zikachanganywa na kupozwa haraka, hivi kwamba molekuli za dawa zinabaki zimetawanyika na kushikiliwa ndani ya polima, haziwezi kukutana zikajenga fuwele. Kidonge kikifika tumboni polima huyeyuka na dawa hutoka kwa wingi ambao fuwele zisingeruhusu. Kapsuli 6 kwa siku zikawa vidonge 4, jokofu halikuhitajika tena, wala sharti la kumeza pamoja na chakula. Tuelewe vizuri kilichotokea. Dawa isiyo na fuwele daima huelekea kurudi kwenye fuwele, na polima haikuifuta sheria hiyo. Imeichelewesha tu, kwa muda unaozidi ule wa kidonge kukaa dukani, na tena kwa zile saa chache za kupita tumboni. Huu ni ushindi wa kupanga muda.

Watoto walisubiri zaidi. Sharubati ya lopinaviri na ritonaviri ilikuwa na alkoholi zaidi ya asilimia 40, chungu kupindukia, nayo ikidai baridi. Teknolojia ileile ya polima ikatoa chembechembe za kunyunyizia kwenye chakula laini, zilizopata idhini ya awali ya mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2015. Aina hiyo ya dawa ilijaribiwa Uganda, kisha katika utafiti uliojumuisha Kenya, Tanzania na Uganda. Uchungu haukuisha wote, na leo watoto wengi wamehamia kwenye dawa mpya zaidi. Hata hivyo, ukiuliza polima zinazoyeyuka majini zimefanya nini hasa katika eneo hili la dunia, jibu linaanzia kwenye hiyo sharubati iliyoachwa.

Atakayepinga anao mfano mzuri wa kunijibu: saratani ya Kaposi. Mwaka 1995 Marekani ilikubali doksorubisini iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta vilivyofunikwa kwa PEG, kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye saratani hiyo. Vipimo vya ngozi vilionyesha kuwa dawa ilikuwa nyingi zaidi ndani ya madoa ya saratani kuliko katika ngozi nzima iliyo kando. Mahali palipatikana, hilo sikatai. Lakini Kaposi ni saratani ya mishipa ya damu yenyewe, inayovuja kuliko nyingine nyingi, na vifuko vile vilikuwa vinazunguka tu. Kwa kuwa PEG iliviwezesha kubaki katika damu kwa siku kadhaa, vilipata nafasi nyingi za kuangukia penye tundu. Muda ndio uliozaa mahali. Na muda huohuo ulizaa mahali pasipotakiwa: wagonjwa wengi walipata vidonda na kuungua viganjani na nyayoni, dalili iliyokuwa nadra kwa doksorubisini ya kawaida, kwa kuwa kilichozunguka kwa siku nyingi kilifika na huko. Kama polima ingekuwa inajua njia, isingekwenda viganjani.

Pingamizi la pili linatoka kwa PK1 yenyewe. Kuuepusha moyo si kulenga kwa kinyume? Kwa sehemu, ndiyo. Molekuli kubwa haipenyi kirahisi kwenye misuli ya moyo, na hiyo ni tofauti ya mahali. Lakini moyo huumizwa pia na kilele cha dawa katika damu dakika chache baada ya sindano, na ndiyo maana doksorubisini inayodondoshwa polepole kwa saa nyingi haiudhuru sana hata pasipo polima. PK1 iliondoa kilele hicho. Nakubali kwamba sababu zote mbili zilikuwapo, na sioni data inayoweza kuzitenganisha kikamilifu. Kuna pia wanaotaja dawa mpya za saratani zilizofungwa kwenye kingamwili, na kweli hizo zinalenga. Lakini kinacholenga ni kingamwili, iliyotengenezwa itambue alama moja juu ya seli. Polima haina macho hayo.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu mahali wala muda, linahusu kutokuwa na hatia. PEG ilisifiwa kwa miaka mingi kuwa mwili hauioni. Inaonekana. PEG imo katika vipodozi, dawa za meno na dawa za kulainisha choo, na watu wengi wana kingamwili dhidi yake kabla hawajadungwa chochote. Dawa ya jongo yenye PEG, pegloticase, hupoteza nguvu kwa wagonjwa wengi kwa sababu hiyo, mpaka siku hizi hutolewa pamoja na dawa ya kutuliza kinga. Jaribio la pegnivacogin, dawa ya kuzuia damu kuganda, lilisitishwa mwaka 2014 kwa mshtuko wa mzio, na walioathirika vibaya walikutwa na kingamwili nyingi dhidi ya PEG. Wanaotumia mifano hii kusema polima ziachwe wanakosea kipimo, kwa maana mamilioni wametibiwa bila tatizo. Wanaosema ni nadra, tuendelee kama kawaida, nao hawanishawishi. Kinachobeba dawa ni sehemu ya dawa, na kinapaswa kuchunguzwa kwa ukali uleule: kinaingiaje, kinakaa wapi, kinatokaje.

Dawa inayozungumzwa zaidi sasa, lenakapaviri, inafaa kupimwa kwa jicho hilo. Katika jaribio la kinga ya VVU lililofanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kuwa kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo kila baada ya miezi sita, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sindano yenyewe ni dawa iliyoyeyushwa katika PEG nyepesi na maji. Nisiipe polima sifa isiyo yake: miezi sita hiyo inatokana zaidi na molekuli ya dawa, iliyo kali kwa kiasi kidogo na isiyopenda maji hata kidogo. Lakini dawa isiyopenda maji haidungiki mpaka ipate wa kuishika, na PEG imefanya kazi hiyo ndogo isiyokwepeka. Bei ni habari nyingine. Marekani dozi za mwaka zilitangazwa kwa zaidi ya dola 28,000, ilhali makubaliano ya mwaka 2025 na watengenezaji wa India yanalenga dola 40 kuanzia 2027 kwa nchi 120. Kwa dawa ileile, katika kimiminika kilekile.

Nimalizie na kidonge cha kawaida, kwa sababu ndicho kilicho mikononi mwa watu wengi zaidi. Metformini ya kisukari na nifedipini ya presha zinazotoka polepole mara nyingi hutengenezwa na HPMC au ndugu zake. Kidonge kikilowa, tabaka la nje hugeuka ute mzito, maji yanaingia kwa shida na dawa inatoka kwa shida, kwa saa nyingi. Mgonjwa akikisaga kwa sababu ni kikubwa, au muuguzi akikiponda ili kukipitisha kwenye mpira wa kulishia, ute haujengeki. Nifedipini ya nusu siku inaweza kuingia kwa mkupuo, na presha ikashuka ghafla. Karatasi ya maelezo husema kisitafunwe, lakini ni nadra kueleza sababu, na ni nadra zaidi kueleza kwa Kiswahili. Kuna pia suala la vidonge vya kampuni mbili vyenye miligramu sawa na polima tofauti. Maabara za udhibiti za Dar es Salaam na Nairobi zina kipimo chake: kidonge hutumbukizwa kwenye chombo chenye kimiminika cha joto la mwili, kikazungushwa, na kila baada ya saa kadhaa sampuli huchotwa kuona dawa kiasi gani imetoka. Matokeo yake ni mstari kwenye grafu, saa kwa saa. Mnunuzi hauoni mstari huo, anaona miligramu tu, na hakuna sababu ya kiufundi inayozuia idadi ya saa isichapishwe kwenye boksi, kwa tarakimu kubwa, kando ya jina la dawa.